Chupa Tano za Maji ya Mto Pangani

Kwenye dirisha la chumba ninachosahihishia madaftari zimepangwa chupa tano za nusu lita, kila moja ikiwa na karatasi iliyoandikwa jina la mahali na saa nilipochota maji yaliyomo. Zote ni za mto mmoja. Nilizijaza mwishoni mwa Mei, masika yakiwa yanaaga na kusi imeshaanza kushika, katika safari ya siku sita kutoka miteremko ya Kilimanjaro hadi Pangani mjini, nilikozaliwa. Maji ya chupa ya kwanza yanang'aa kama yamechujwa. Ya pili yalikuwa mekundu kiasi kwamba kidole kilichowekwa nyuma ya chupa hakikuonekana. Ya tatu, ijapokuwa yamechotwa chini zaidi mtoni, ni meupe karibu sawa na ya kwanza. Ya nne ni mekundu tena. Na ya tano, ukiyamimina kidogo kisosini na kukianika juani, yanaacha ukoko mweupe ambao ukiulamba ni chumvi.

Nimefundisha jiografia katika shule za sekondari za mkoa wa Tanga kwa miaka 17, na kwa miaka yote hiyo nimeifundisha kwa vipande: miamba muhula huu, hali ya hewa muhula ujao, mito mwaka unaofuata, bahari ikibaki muda. Mwanafunzi anamaliza akiwa amekariri aina tatu za miamba na majina ya mawingu, lakini ukimuuliza kwa nini maji ya kisima cha nyumbani kwao Pangani yana chumvi, hana pa kuanzia. Jambo jingine linaloniuma ni kwamba darasani somo hili hufundishwa kwa Kiingereza, na nimeona mara nyingi kijana akihangaika kukariri neno geni ilhali babu yake mvuvi analo jina la kitu hichohicho na anakitumia kila mwezi. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika haya kwa Kiswahili na kuufuata mto mmoja kutoka mwanzo wake, kwa kuwa mtoni vipande hivyo vyote huonekana vikifanya kazi kwa pamoja.

Nianze na bahari, maana huko ndiko maji haya yanakotoka kabla ya kuwa mto. Jua la ukanda wetu huipasha Bahari ya Hindi mwaka mzima. Karibu na pwani yetu maji ya juu huwa na jotoridi la nyuzi 25 hivi mwezi wa Agosti na hufika 29 mwezi wa Machi. Bahari yenye joto hilo hutoa mvuke kwa wingi, na mvuke huo, pamoja na maji, hubeba joto lililotumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Joto hilo halipotei. Hufichika ndani ya mvuke, husafiri nao, na hurudishwa hewani pale mvuke unapokuwa matone, nalo ndilo linalolisukuma wingu la mvua lizidi kupanda juu. Mtu aliyewahi kutazama wingu la masika likijikusanya mchana juu ya Usambara, likifura kama povu la sufuria, ameliona joto la bahari likifanya kazi mamia ya kilomita kutoka mahali lilipotoka.

Anayeubeba mvuke huo kuuleta bara ni upepo, na pepo zetu zina mpangilio ambao mababu zetu waliujua kabla ya vitabu. Dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama kwa nyuzi 23.5, kwa hiyo jua la utosi huhama kwenda kaskazini na kurudi kusini kila mwaka. Ifikapo Juni, bara kubwa la Asia huwa na joto kali kuliko bahari, kwa sababu nchi kavu hupata joto upesi na kulipoteza upesi, ilhali bahari hulipata polepole na kulishikilia. Hewa iliyo juu ya Asia hupanda, kanieneo yake, yaani nguvu inayogandamiza chini, hushuka, na hewa ya kusini mwa Bahari ya Hindi huvutwa kuelekea huko. Kwa kuwa dunia inajizungusha, hewa inayosafiri katika kizio cha kusini hupindishwa mkono wa kushoto, ndiyo sababu kusi hutufikia ikitoka kusini-mashariki. Ikishavuka ikweta hupindishwa mkono wa kulia, ikaifikia India ikitoka kusini-magharibi. Ifikapo Desemba mambo hugeuka: Asia imepoa, hewa yake imekuwa nzito, nayo kaskazi huanza kuvuma kuja kwetu. Manahodha waliokuja na kaskazi kutoka Oman na India, wakasubiri, kisha wakarudi na kusi, waliutegemea mpishano huo wa joto kati ya bara na bahari katika biashara yao yote.

Kati ya pepo za kizio cha kaskazini na zile za kizio cha kusini upo ukanda zinapokutana, hewa ikawa haina pa kwenda isipokuwa juu. Ukanda huo huliandama jua kwa kuchelewa kwa majuma kadhaa. Unapopita juu yetu ukielekea kaskazini, kati ya Machi na Mei, tunapata masika. Unaporudi kusini, kati ya Oktoba na Desemba, tunapata vuli. Hayo ndiyo maelezo ya kawaida, nayo ni sahihi, lakini hayatoshi kueleza kwa nini katika siku moja ya Mei nilitembea nimelowa huko Machame asubuhi, na jioni nikawa kwenye uwanda wenye vumbi ambao ng'ombe walikuwa wakilamba ardhi iliyopasuka. Hapo lazima uje mlima.

Kilimanjaro, mita 5,895, upo hapo ulipo kwa sababu ganda la dunia la Afrika Mashariki linapasuka. Bamba la upande wa mashariki, lenye pwani yetu, linaachana na bamba la upande wa magharibi kwa milimita chache kila mwaka, na kwenye nyufa za mpasuko huo, tunaouita Bonde la Ufa, mwamba ulioyeyuka hupata njia ya kupandia. Mlima ulianza kujengeka yapata miaka milioni 2.5 iliyopita. Una vilele vitatu vya umri tofauti: Shira, ambayo ilikwisha kuporomoka na kulika ikabaki uwanda wa juu, Mawenzi, ambayo imechongoka kama jino lililovunjika, na Kibo, mdogo wao, ambaye bado hutoa gesi ya salfa kwenye kreta yake. Jirani yake Meru, mita 4,566, ulifoka mara ya mwisho mwaka 1910, jambo ambalo vijana wengi wa Arusha hawalijui ingawa huutazama kila asubuhi.

Hewa ya kusi inayofika kwenye ukuta huo ikiwa na mvuke wa bahari hulazimika kupanda. Ikipanda hutanuka, na ikitanuka hupoa, kwa wastani wa nyuzi 6 au 6 na nusu kwa kila mita 1,000. Hewa iliyopoa haiwezi kushika mvuke mwingi, kwa hiyo mvuke hugeuka matone. Mji wa Moshi, chini ya mlima, hupata kiasi cha milimita 900 za mvua kwa mwaka. Ukipanda hadi msituni, kwenye mita 2,000 na ushei, mvua huzidi milimita 2,000. Ukiendelea kupanda hupungua tena, hadi kileleni ambako ni chini ya milimita 250, ukame wa jangwa. Mtu anayedhani kwamba kadiri unavyopanda ndivyo mvua inavyozidi anakosea kwa nusu ya mlima. Hewa huwa imeshamwaga mzigo wake msituni kabla ya kufika juu.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndilo jambo lililonipeleka safari hii. Ukiuliza kuanzia Arusha hadi Pangani maji ya mto huu yanatoka wapi, utajibiwa na wengi kwamba yanatoka kwenye theluji ya Kibo, na kwamba theluji ikiisha mto utakauka. Nimelisikia sokoni, nimelisikia ndani ya basi, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nimelifundisha. Barafu ya Kibo ni kweli inaisha: mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12, na kufikia mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Lakini kule juu wastani wa jotoridi ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, hewa ni kavu na jua ni kali, na sehemu kubwa ya barafu hiyo hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Kiasi kinachoyeyuka na kuteremka ni kidogo mno ukikilinganisha na maji yanayotoka kwenye ukanda wa msitu, ambao ndio unaopokea na kuhifadhi karibu maji yote ya mlima. Barafu inayopungua inatuambia habari za angahewa na ukame wa juu. Mto unaishi kwa msitu.

Msitu hufanya kazi hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya wazi: majani na mizizi huvunja nguvu ya matone, udongo uliojaa majani yaliyooza hunywa maji badala ya kuyaacha yatiririke juu, na maji huzama. Ya pili nilijifunza kwa mkono. Juu ya Machame, katika njia ya wakata majani ya ng'ombe, mashina ya miti yamevikwa kuvumwani, mimea midogo laini kama sufu, hadi kwenye matawi. Mvua haikuwa imenyesha tangu alfajiri, ila ukungu ulikuwa unapita kati ya miti kwa kasi ya mtu anayetembea. Nilichukua konzi moja ya kuvumwani ile nikaikamua, maji yakachuruzika hadi kwenye kiwiko. Nilirudia kwenye mti wa pili na wa tatu, ikawa vilevile. Msitu wa juu huyanasa maji ya ukungu ambayo hayangeanguka kama mvua hata kidogo. Oktoba 2020, moto mkubwa uliunguza karibu kilomita za mraba 95 za mlima huu, sehemu kubwa ikiwa vichaka na miti ya juu, na miaka yote moto wa aina hiyo umekuwa ukishusha mpaka wa juu wa msitu. Kwa hesabu ya maji, hilo lanitia hofu kuliko barafu.

Maji yaliyozama hukutana na mwamba wa volkano, ambao una vitundu na nyufa nyingi. Ukiokota jiwe la Moshi utaona matundu ya gesi iliyotoka wakati zaha, yaani mwamba ulioyeyuka, inapoa. Mlima mzima ni kama kichuguu kikubwa kinachopitisha maji ndani kwa ndani hadi miguuni, ambako hutoka kuwa chemchemi. Wachaga wa miteremko hii walielewa mwendo wa maji juu ya ardhi yao kwa usahihi wa ajabu, wakachimba mifongo, mifereji inayoyachukua maji ya kijito na kuyapitisha kwa mteremko mdogo sana kando ya kilima hadi kwenye kihamba cha migomba na kahawa. Mzee mmoja aliyekuwa akizibua mfongo wake kwa jembe aliniruhusu nitazame. Nilimuuliza alijuaje mteremko utoshe bila kipimo. "Mwanangu," akasema, "maji yenyewe ndiyo kipimo. Ukiyapa haraka yanakula udongo, ukiyachelewesha yanalala." Mada nzima ya mmomonyoko na utuaji wa mashapo imo ndani ya maneno hayo.

Chupa ya kwanza niliijaza Chemka, chemchemi iliyo uwandani kusini mwa Boma Ng'ombe, ambako maji ya uvuguvugu hububujika katikati ya mizizi ya mikuyu yakiwa safi hadi unahesabu kokoto za chini. Yamesafishwa na safari ndefu ndani ya mwamba. Mwamba huohuo huongeza vitu vyake: maji yanayotoka upande wa Meru hubeba madini ya floridi kwa wingi kutokana na aina ya volkano ile, na ndiyo sababu watu wengi waliokulia huko wana meno ya kahawia. Jiolojia ya mahali huonekana hata mtu anapocheka.

Maji ya Chemka huingia mto Kikuletwa, ambao hupokea pia mito ya Weruweru, Karanga na Kikafu kutoka Kilimanjaro. Upande wa mashariki kuna mto mwingine, Ruvu, unaotoka Ziwa Jipe mpakani na Kenya. Asiuchanganye mtu na Ruvu ya mkoa wa Pwani. Niliijaza chupa ya pili kwenye Kikuletwa, chini ya mashamba, siku moja baada ya mvua. Nilipoifikisha mahali nilipolala niliiweka mezani bila kuitikisa. Baada ya dakika tano chini palikuwa na mchanga mweusi, punje za zaha zinazoonekana kwa macho. Baada ya saa moja juu ya mchanga kulikuwa na tabaka la tope la rangi ya matofali, wekundu wa chuma kilichoshika kutu udongoni. Asubuhi yake maji yalikuwa bado na ukungu wa njano, kwa sababu chembe za udongo mfinyanzi ni ndogo mno na hukaa siku nyingi zikielea. Mezani palikuwa na somo lote la miamba tabaka: kizito kwanza, chepesi baadaye, na laini kabisa kinasubiri maji yatulie. Miamba mingi ya ukanda wa pwani ilijengeka hivyo, kwa muda wa mamilioni ya miaka badala ya usiku mmoja.

Kikuletwa na Ruvu hukutana katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, lenye eneo la kilomita za mraba 140 hivi linapojaa. Ndipo mto unapoanza kuitwa Pangani. Bwawa huzalisha umeme, hulisha wavuvi wengi, na hupokea jua kali la uwanda ule ambalo huyageuza mvuke maji mengi kila siku. Lakini kwa macho ya chupa zangu, kazi yake kubwa ni nyingine. Mto ulioingia ukiwa mwekundu hupoteza mwendo, na mto usio na mwendo hauwezi kubeba mzigo. Mchanga huanguka mlangoni, tope huanguka mbele kidogo, na upande wa pili, chini ya ukuta, nilichota maji meupe yenye kijani kidogo cha mwani. Hiyo ndiyo chupa ya tatu. Mtu angeifurahia kwa usafi wake, nami niliifurahia pia, hadi nilipokumbuka kwamba tope lile halikutoweka. Limebaki bwawani, na halitafika tena kwenye mabonde ya chini ambako mafuriko ya kila mwaka yalikuwa yakilitandaza. Eneo chepechepe la Kirua, chini ya bwawa, lilikuwa likifurika kila masika, samaki wakizaliana na malisho yakichipua. Tangu mto ulipodhibitiwa mafuriko hayo yamepungua na eneo lenyewe limesinyaa.

Kuanzia hapo mto huteremka kuelekea kusini-mashariki miguuni mwa safu za Upare na Usambara, ukifuata mstari wa nyufa za zamani za ganda la dunia. Milima hii haina uhusiano na volkano. Ni miamba geu, iliyopikwa na kukandamizwa kilomita nyingi chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kisha ikainuliwa kwa mafungu kando ya nyufa. Ukilipasua jiwe lake utaona mistari myeupe na myeusi iliyopindapinda na vipande vya ulanga vinavyometameta. Nimeweka jiwe la Usambara na jiwe la Moshi upande kwa upande kwenye dirisha lilelile, na watoto wanaoingia kusalimia hushangaa kuambiwa kwamba moja ni la juzi tu kwa hesabu ya dunia.

Usambara Mashariki ndiyo milima ya kwanza kukutana na upepo wa bahari. Amani, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Ukivuka milima ukashukia upande wa Mkomazi na Same, hewa huwa imemwaga maji yake, inateremka, na ikiteremka hupata joto na kukauka. Same hupata milimita 500 na kitu tu. Hicho ndicho kivuli cha mvua, nacho ndicho kilichonifanya nilowe asubuhi na kula vumbi jioni. Mimea imekubali mgawanyo huo bila ubishi: juu ni miti mirefu yenye majani mapana, chini ni migunga na mibuyu. Mkonge, ulioletwa mwaka 1893 na kupandwa kwanza Kikokwe, karibu na Pangani, ulitanda katika nyanda hizi kwa sababu unavumilia ukame.

Chupa ya nne ni ya Korogwe, chini ya mahali ambapo mto Luengera huingia kutoka Usambara. Wekundu umerudi, lakini tope lake lilipotulia nilikuta chini punje za mchanga mweupe wa kwatzi na vimulimuli vya ulanga, si mchanga mweusi wa zaha. Nilitumia kioo cha kukuzia cha mwanangu kuhakikisha. Chupa ya pili na ya nne zinafanana kwa mbali kama ndugu, kumbe kila moja ina mlima wake. Toka hapo mto hushuka kwa nguvu kwenye maporomoko ya Hale na Pangani, ambako mteremko huo umefungwa mitambo ya umeme, megawati 21 Hale na 68 Pangani, kisha hulainika na kuanza kujipinda kuelekea baharini.

Nilifika Pangani mjini siku ya mwezi mpevu, kwa kukusudia, ili nikute bamvua. Mwezi na jua vinapokuwa kwenye mstari mmoja na dunia, kama ilivyo mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huvuta bahari kwa pamoja, maji yakajaa sana na kupwa sana. Kwenye pwani yetu tofauti huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa mmoja hupunguza wa mwingine, tukapata maji mafu. Kati ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25 hivi, kwa kuwa mwezi nao unasonga wakati dunia inajizungusha, na ndiyo sababu maji huchelewa kwa dakika 50 kila siku. Babu yangu alikuwa akiyajua hayo yote kwa kuhesabu usiku za mwezi kwa vidole, na hakuwahi kukosea saa ya kushusha ngalawa.

Kwenye gati ya kuvukia Bweni nilimkuta mzee mwenye mashua akikalafati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kuvuka au kutazama?"

Nilimwomba anipeleke juu kidogo ya mto, mara ya kwanza maji yakiwa yamekupwa na mara ya pili yakiwa yamejaa. Yalipokupwa nilichota maji ya kahawia yasiyo na ladha ya chumvi. Yalipojaa, mahali palepale, yalikuwa meupe zaidi na ya chumvi, na hayo ndiyo niliyotia katika chupa ya tano. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto, kwa hiyo hayaingii kwa kuchanganyika mara moja. Hupenya chini kama kabari, na ya mto hupanda juu yake. Kabari hiyo inafika umbali gani hutegemea mabishano ya bamvua na mto. Mto ukija na maji mengi, huisukuma nje. Maji yakishikwa juu kwa mashamba na mabwawa, na mvuke ukachukua sehemu yake, kabari husogea ndani. Mzee alinionyesha kwa kafi mashina ya minazi yaliyosimama bila vichwa ukingoni. "Hapa palikuwa shamba la marehemu mama," akasema. "Mpunga ulianza kukataa, kisha minazi. Hatukujua chumvi inakuja na njia gani." Mahali pa minazi pameanza kuota mchu, ambao hustahimili chumvi na hutoa mizizi yake juu ya tope ili ipumue, mkoko na msinzi vimefuata nyuma yake. Mikoko hiyo hushika tope linalopita, na bila tope haiwezi kusogea mbele. Nilikumbuka tope lililobaki Nyumba ya Mungu.

Nje ya mlango wa mto kuna kisiwa cha Maziwe. Mpaka miaka ya 1970 kilikuwa na mivinje, na kasa walipanda kutaga chini ya kivuli chake. Miti iliisha, mchanga ukakosa mizizi ya kuushika, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji kila yanapojaa. Kasa bado hurudi, na mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasizame.

Tulirudi gatini maji yakianza kupwa. Katikati ya mto palikuwa na mstari wa povu, upande mmoja kahawia na upande mwingine kijani, na juu yake lilikuwa likielea gogo la mgomba lenye majani mawili. "Hilo la wapi, mwalimu?" akauliza mzee. Nilimwambia kwamba la Machame haliwezi kuwa, kwa sababu Nyumba ya Mungu ingelizuia, wala la Usambara ya juu kwa sababu lingepondeka kwenye maporomoko. Kwa ubichi wa majani yake lilikuwa la ukingo wa hapo juu tu, chini ya Hale, ambako ukingo ulikuwa umekatika baada ya mvua. Alilitazama likipita mlango wa mto, likavuka mwamba wa wimbi, kisha kusi ikalishika na mkondo wa pwani ukaligeuza upande wa kaskazini, kuelekea Tanga.